Shukrani Isiyomsahau Mwenyeji

Alhamisi ya nne ya Novemba, Siku ya Shukrani ya Marekani, imekaribia, na wanajumuiya wameanza kuulizana. Wapo wanaotaka kujua nani ataleta pilau na nani atachoma bata mzinga. Wapo wazazi ambao watoto wao wamerudi kutoka shuleni wakiwa na kofia za karatasi na hadithi fupi ya Mahujaji na wenyeji waliokula pamoja kwa raha. Na wapo ndugu zetu Waislamu wanaouliza kama sikukuu hii ni ya dini, na kama ni ya dini, ni ya dini gani.

Swali hili la mwisho ndilo zito, nasi tunalijibu waziwazi. Siku ya Shukrani ilizaliwa katika ibada, na anayeitenga na ibada hataielewa. Lakini ibada yenyewe haikuwa ya kula na kushiba tu. Ilikuwa ya kusimama mbele ya Mungu na kutoa hesabu, ya mema na ya maovu. Sehemu hiyo ya pili imepotea njiani, na tahariri hii inaomba tuirudishe.

Meli ya Mayflower, iliyowaleta wale Mahujaji kutoka Uingereza, ilifika pwani ya Massachusetts mwishoni mwa 1620 ikiwa na abiria 102. Hadi baridi ilipoisha, karibu nusu yao walikuwa wamekufa. Mahali walipojenga nyumba zao, Plymouth, hapakuwa pori. Palikuwa mahame ya kijiji cha Patuxet, cha watu wa Wampanoag, ambacho wakazi wake walifyekwa na maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya kati ya 1616 na 1619. Mtu wa Patuxet anayetajwa sana, Tisquantum, alinusurika kwa sababu hakuwapo. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza aitwaye Thomas Hunt alimteka pamoja na wenzake na kwenda kuwauza Málaga, Hispania. Kutoka huko alipata njia ya kufika London, akajifunza Kiingereza, na aliporudi kwao mwaka 1619 hakumkuta mtu. Huyo ndiye aliyewafundisha wageni kupanda mahindi na kuweka samaki shambani kama mbolea.

Sisi ambao vitabu vyetu vya shule vilituonyesha soko la watumwa la Unguja na njia za misafara hadi Bagamoyo hatuwezi kusoma habari za Tisquantum kwa haraka. Mtu aliyeuzwa ng'ambo akarudi akakuta ukoo wake umekwisha, bado aliwapa chakula watu waliojenga juu ya makaburi ya ndugu zake.

Mavuno ya 1621 yalipoingia, Waingereza wapatao 50 waliobaki walifanya karamu. Massasoit, mkuu wa Wampanoag, alifika na watu wake wapatao 90, wakaleta kulungu watano, wakakaa siku tatu. Tunayajua haya kutokana na barua ya Edward Winslow ya Desemba mwaka huo. Barua hiyo inautambua wema wa Mungu, lakini haiiti karamu ile siku ya shukrani, na sababu yake inaeleweka. Kwa Waingereza wale, waliojitenga na Kanisa la nchi yao, na kwa Wapuritani waliowafuata, siku ya shukrani ilikuwa ya kanisani, ya mahubiri na sala. Hawakuadhimisha Krismasi wala Pasaka. Walikuwa na siku za aina mbili zilizotangazwa kulingana na mambo yaliyowapata: siku ya kufunga na kutubu, na siku ya kushukuru. Mwaka 1623 ukame ulipoyachoma mazao yao walifunga na kuomba, mvua ikanyesha, ndipo wakatenga siku rasmi ya kumshukuru Mungu. Toba na shukrani zilikwenda pamoja kama pacha.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wampanoag walimpokea mgeni, na hawakupona. Massasoit alishika mapatano ya amani hadi kufa kwake. Mwanawe Metacom aliona ardhi ya watu wake ikimegwa mwaka hadi mwaka, akaingia vitani. Aliuawa Agosti 1676, kichwa chake kikatundikwa juu ya mti pale Plymouth na kuachwa miaka mingi, na mwezi huo huo walowezi waliadhimisha siku ya shukrani kwa ushindi wao. Ilikuwa miaka 55 tu tangu baba yake alipoketi nao katika karamu. Tunasema bila kusita: kumshukuru Mungu kwa kichwa cha jirani ni kufuru, hata kama maneno ya sala ni matamu.

Baada ya uhuru wa nchi hii siku hizo ziliendelea kutangazwa moja moja. George Washington alitangaza ya Novemba 26, 1789. Thomas Jefferson alikataa kutangaza yoyote alipokuwa rais, akiamini serikali haina mamlaka ya kuwaagiza watu kusali. Aliyeifanya iwe ya kila mwaka kwa taifa zima, kwa kusihi bila kuchoka, ni mjane mmoja wa New Hampshire, Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida la wanawake lililosomwa sana wakati wake. Aliwaandikia marais na magavana kwa miaka mingi. Septemba 1863 alimwandikia Abraham Lincoln, na Oktoba 3 Lincoln akatoa tangazo, lililoandikwa na waziri wake William Seward, akiitenga Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Tangu hapo haujapita mwaka bila tangazo la rais.

Tungependa kila mwanajumuiya alisome tangazo hilo, tena pamoja na watoto. Liliandikwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, miezi mitatu baada ya maelfu kufa katika mapigano ya Gettysburg. Linataja mashamba yaliyozaa, migodi na makazi yaliyopanuka, kisha linawataka wananchi, pamoja na shukrani, watubu kwa unyenyekevu makosa ya taifa na kuwaombea wajane, yatima na waliofiwa. Toba imo ndani ya waraka uliozaa sikukuu yenyewe. Hatuiongezi sisi.

Na kwetu tunaoishi Minnesota, waraka huo una uzito mwingine. Wengi wetu tulitua kwanza katika uwanja wa ndege wa Minneapolis–St. Paul. Karibu kabisa na uwanja huo ipo Fort Snelling, ngome iliyojengwa mahali Mto Minnesota unapokutana na Mississippi. Wadakota, wenyeji wa eneo hili, wanapaita Bdote, na kwao ni mahali patakatifu. Mwaka 1862 malipo waliyoahidiwa kwa ardhi yao yalicheleweshwa, njaa ikawashika, vita vikazuka, na watu wengi wakafa pande zote mbili, wakiwamo walowezi wasio na silaha. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo Wadakota 303, baadhi yao katika kesi za dakika chache. Lincoln alipitia majalada na kuwapunguzia wengi adhabu, lakini Desemba 26, 1862 watu 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Hakuna siku nyingine ambayo serikali ya Marekani imenyonga watu wengi kiasi hicho. Wakati huo Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walikuwa wamezuiliwa katika kambi chini ya Fort Snelling, na surua na baridi viliwaua wengi. Mei 1863 waliobaki walipakiwa kwenye meli za mtoni na kuhamishwa nje ya jimbo.

Tangazo la Shukrani lilitoka miezi mitano baadaye. Kupanuka kwa makazi linakokuhesabu kuwa baraka ndiko kulikowaondoa Wadakota hapa. Lincoln huyo huyo, siku sita baada ya Mankato, alitia saini tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Mambo yote mawili ni ya kweli, na mtoto wetu anayesoma hapa anastahili kuyajua yote mawili.

Watu weusi wa nchi hii wamekuwa na namna yao ya kushukuru inayotufaa sana. Januari 1, 1808, sheria ya kukomesha uingizaji wa watumwa Marekani ilipoanza kutumika, Absalom Jones, kasisi aliyezaliwa utumwani, alihubiri Philadelphia katika Kanisa la Kiafrika la Mtakatifu Thomas. Alichukua somo la Kutoka sura ya 3, Mungu akiyaona mateso ya watu wake Misri. Alipendekeza siku hiyo iadhimishwe kila mwaka kwa shukrani, na historia ya mateso ya ndugu zao isimuliwe ili watoto na vizazi vijavyo waijue. Hakuona kwamba kuyasimulia maovu kunaharibu shukrani. Aliona ndiyo kazi yake.

Na hivyo ndivyo Maandiko yanavyoagiza. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, mkulima anapeleka kikapu cha malimbuko mbele ya madhabahu, lakini haruhusiwi kukiweka chini na kuondoka. Anatakiwa aseme kwa kinywa chake kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba ukoo wake ulifanywa watumwa, kwamba Mungu aliwatoa. Kisha anafurahia mavuno pamoja na Mlawi na mgeni anayeishi kati yao. Waliokulia katika sharika za Kilutheri kule nyumbani wanaikumbuka sikukuu ya mavuno: ndizi, mihogo, kuku na mayai mbele ya kanisa, na mnada baada ya ibada ili asiye na shamba naye apate kununua na kutoa. Kikapu tunacho. Lililobaki ni kusimulia.

Kwa ndugu Waislamu, Sura ya Ibrahim ina ahadi ya Mwenyezi Mungu ya kuwazidishia wenye kushukuru, na hadithi ya Mtume inafundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Hatudhani kuna fundisho linaloigusa Alhamisi hii kuliko hilo. Sheria ya nchi haiifungi siku hii kwa kanisa lolote, na anayeona ni vema kuja kusoma dua na kula na majirani zake anakaribishwa kwa moyo wote. Nyama yetu itachinjwa kihalali. Anayeona dhamiri yake haimruhusu asisutwe na mtu, wala asiulizwe mara mbili.

Biashara nayo imeshika sehemu kubwa ya sikukuu. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliisogeza iwe wiki moja mapema zaidi ili wafanyabiashara wapate muda mrefu zaidi wa kuuza kabla ya Krismasi, majimbo yakagawanyika, hadi sheria ya 1941 ilipoiweka Alhamisi ya nne. Wengi wetu tunaujua upande wake mwingine kwa kuwa ndio tunaofanya kazi siku hiyo: katika nyumba za kutunzia wazee, maghalani, nyuma ya usukani. Wanaopanga foleni madukani alfajiri ya Ijumaa hupokelewa na watu ambao hawakulala.

Hatuko peke yetu katika kutafuta njia ya kushukuru. Majirani zetu Waliberia, ambao ni wengi Brooklyn Park, wana Siku yao ya Shukrani Alhamisi ya kwanza ya Novemba, iliyotokana na weusi waliotoka Marekani kwenda kuanzisha nchi ile. Wanyarwanda wana Umuganura, sikukuu ya mavuno ambayo wakoloni wa Kibelgiji waliipiga marufuku 1925, na leo huadhimishwa na taifa zima Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Na kule Plymouth, mwaka 1970, Wamsutta Frank James, Mwampanoag, alialikwa kuhutubia karamu ya kuadhimisha miaka 350 tangu kufika kwa Mayflower. Waandaaji waliposoma hotuba yake kabla ya siku yenyewe hawakukubali aitoe. Alikwenda kuzungumza kilimani, karibu na sanamu ya Massasoit, na tangu hapo kila Alhamisi ya Shukrani wenyeji hukusanyika pale kwa Siku ya Kitaifa ya Maombolezo. Wengi wao hufunga hadi jioni. Wamehifadhi ile siku ya kufunga ambayo wengine waliiacha.

Basi hatuwaambii wanajumuiya waiache sikukuu. Tuna mengi ya kushukuru: karatasi zilizopatikana baada ya miaka ya kusubiri, watoto waliohitimu, wagonjwa waliotibiwa, wazazi nyumbani wanaokula kwa jasho la kazi zetu. Tumefika hapa kama wageni, na wageni wana wajibu wa kumjua mwenye nyumba. Kabla ya dua mwaka huu, mzee mmoja atasimulia habari za Wadakota na Bdote, na kijana mmoja atasoma tangazo la 1863 lote, pamoja na sehemu ya toba. Tunaomba kila familia ifungashe sahani mbili za ziada kwa walio zamu usiku huo. Madereva wa kuzipeleka wajiandikishe kwa katibu. Ijumaa asubuhi, badala ya madukani, tutakwenda Fort Snelling na watoto, kwa hiyo wavalishwe nguo nzito. Chakula cha Alhamisi kitapakuliwa baada ya masimulizi, si kabla.