Kabla ya kuitupa kompyuta, toa picha kwanza

Juzi ndugu yangu alinipigia kutoka Maskati. Salamu hazijakwisha, kashaingia kwenye shida yake: "Kaka, kompyuta ya nyumbani imeganda tena. Mshale hauendi, kila siku naizima kwa nguvu. Watoto washaniambia tuitupe tununue mpya. Wasemaje?"

Nikamuuliza swali moja tu: picha za mzee ziko wapi?

Akanyamaza kidogo. "Zimo humo humo."

Basi hapo ndipo lilipo neno langu la leo. Kompyuta ikikawia au ikiganda, sisi tunazo dawa mbili tu: kuitupa, au kuipeleka dukani ikafutwe yote ianze upya. Zote mbili zinaondoa kilichomo ndani kabla hatujakitazama. Nasema kwa uchungu, maana yamenikuta.

Hapa kwetu Birmingham, kompyuta ya mama iliwahi kuwa nzito hivyo hivyo. Ukiiwasha asubuhi unaweza kupika chai ya maziwa, ukainywa, ukarudi, na kile kiduara bado kinazunguka. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Hakuniuliza kuna nini ndani, na mimi sikumwambia. Kosa letu sote wawili, langu kubwa zaidi. Siku ya pili nikaipokea nyepesi kama mpya, na ndani tupu. Harusi ya Maskati, mama na shoga zake Unguja, sauti ya marehemu baba akiomba dua, vyote vimekwenda. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na ile ya baba yenu barazani?" Ipo sheria ya haki za wateja hapa Uingereza, ya mwaka 2015, inayomtaka fundi afanye kazi yake kwa uangalifu. Sawa, lakini sheria hiyo itaitoa wapi picha ya barazani?

Tangu siku ile nimejifunza kitu ambacho natamani kila nyumba ikijue. Kompyuta nyingi za zamani zina diski ya sahani. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta ulichoomba. Ikizeeka, mkono unarudia kusoma pale pale mara nyingi, na wewe unaona skrini imeganda. Kwa hiyo kuganda si uvivu wa mashine tu. Pengine diski inakuaga. Ukisikia inagonga, tak, tak, izime hapo hapo na usiijaribu tena nyumbani. Mpe anayejua kuokoa faili, kwani kila dakika inayoendelea kuzunguka inaweza kuharibu zaidi.

Kama haigongi, nunua diski ya nje, ichomeke, nakili picha na hati zote. Itachukua usiku mzima, iache. Baada ya hapo ndipo utafute ugonjwa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona nani anakula nini. Diski ikiwa imekaa kwenye asilimia 100 na wewe hufanyi kitu, basi mshukiwa ni yeye. Ikiwa memori ndiyo imejaa, funga kurasa arubaini za intaneti ambazo watoto wameziacha wazi, na uzime zile programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi bila kualikwa. Nimeshaona nyumba moja ina programu mbili za kuzuia virusi, zinakagua faili zile zile kwa zamu, halafu watu wanashangaa.

Na vumbi jamani! Huko kwenu Ghuba linaingia hata madirisha yakifungwa. Huku kwetu watu wanaiweka kompyuta juu ya blanketi kwa sababu ya baridi, matundu yake yanazibika. Mashine ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Dawa yake ni brashi na meza.

Kama diski ndiyo mbovu, nasisitiza hili: usimlipe fundi kufuta, mlipe kubadilisha. Aweke SSD, ambayo haina kinachozunguka, asakinishe humo mfumo mpya, na ile diski ya zamani akurudishie mkononi kama ilivyo. Mimi nilitumia chini ya paundi 40 kununua kifaa chenyewe, na mashine ya miaka tisa ikafufuka. Hata ikitokea umesahau faili fulani, angalau ya zamani iko kwenye droo. Mashine nyembamba za siku hizi nyingine haziruhusu kubadilisha, uliza kwanza.

Wauzaji wana hoja yao, na si ya uongo. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kongwe hazikubali Windows 11. Mashine isiyopata tena masahihisho ya usalama mimi siiruhusu iguse benki. Lakini Microsoft wenyewe waliwafungulia watu wa majumbani njia ya kujiandikisha wapate masahihisho hayo kwa mwaka zaidi, na upo mfumo wa bure wa Linux unaobebeka na mashine kongwe. Mwenye kununua anunue kwa hesabu, si kwa hasira.

Na akikupigia mtu usiyemjua, ati yeye ni wa Microsoft na ameona kompyuta yako inakwenda polepole, kata simu. Microsoft hawapigi simu hivyo. Wazee wetu ndio wanaonaswa, kwa adabu yao ya kutomkatia mtu maneno.

Ndugu yangu alinakili kwa usiku mbili, kisha fundi wa Ruwi akambadilishia diski. Ameshaanza kumtumia mama picha moja moja kwenye simu. Ile ya barazani bado haijaonekana. Nimemwambia atazame tena folda la Unguja, lile lenye majina ya namba tupu.