Majani ni Yetu, Nyama Inatoka Ng'ambo

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wakaaji wote wa kartie, mama zetu wa soko na vijana,

Leo jioni, mbele ya kula bukari, angalieni mboga iliyo pembeni. Kama ni samaki thomson, ametoka katika bahari ya Namibia. Kama ni kuku wa barafu, ametoka Ulaya ao Brazil, na mara nyingi ni mgongo, mabawa na miguu, kwa maana kifua kilibaki kwa wenyewe. Kama ni sombe peke yake, basi hiyo ndiyo iliyoota katika udongo wetu. Ninauliza: Biano haina majani? Kundelungu haina maji? Mungu alitunyima nini?

Wako wanaosema kwamba mtu wa Katanga hajui kufuga. Huo ni uongo wa zamani, na nitaonyesha ulitoka wapi.

Tarehe 1 julai 1885 serikali ya Leopold II ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Fasi ya kuwinda, fasi ya kupumzisha shamba, fasi ya kulima kesho, yote ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe. Mwaka 1900 ikaja Comité Spécial du Katanga kuigawa ardhi hiyo. Mwaka 1925 ikazaliwa kampani ya Elakat, kazi yake ufugaji na chakula. Majani mazuri ya juu, mbali na mbung'o, yakazungushiwa waya. Mzee aliyewinda pale mwaka uliopita akaitwa mwizi, na mtoto wake akapewa fimbo achunge ngombe wasio wake. Mtu aliyefukuzwa katika malisho, utamwita hajui kufuga?

Nyama ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa mezani ya wazungu, na sehemu yake ikaingia katika posho ya wafanyakazi. Kweli, Union Minière iligawa posho: unga, nyama, samaki, mafuta. Lakini tusidanganyike kama ulikuwa upendo. Mimi ni karani, hesabu ninaijua: mtu asiyekula vizuri hapigi jiwe vizuri. Mtu na ngombe waliandikwa katika daftari kwa namna moja: anakula kilo ngapi, analeta faida gani. Wafanyakazi walipodai mshahara wa kutosha mwezi wa desemba 1941, pale Élisabethville, walijibiwa kwa risasi. Posho ilipatikana, haki haikupatikana.

Sasa tuseme kweli yote, hata ile inayotuumiza. Tarehe 30 novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitakuwa mali ya wana-inchi. Mchungaji wa ngombe hakupewa kitu. Waliopewa ni wakubwa na rafiki zao. Wengi wao walichinja ngombe mzazi kama kuku wa Noeli, hawakununua dawa ya kuua kupe, hawakulipa wachungaji. Ngombe wakafa, wakauzwa, wakaliwa katika karamu. Mzungu alifunga mlango wa zizi. Mkubwa wetu akachukua ufunguo akaula.

Leo wanakuja wengine na shauri jipya. Wanasema: tujenge nyumba kubwa za mabati, tujaze kuku na nguruwe kwa maelfu, wasione jua hata siku moja, na nyama itakuwa rahisi kama Ulaya. Ndugu, tuangalie kwanza yaliyoipata Ulaya. Uingereza walimlisha ngombe, mnyama wa majani, unga wa nyama na mifupa. Mwaka 1986 ugonjwa wa wazimu wa ngombe ukatambuliwa, na mwaka 1996 serikali yao ikakiri kwamba inaonekana ugonjwa huo umefika kwa watu. Ubelgiji yenyewe, mwaka 1999, sumu ya dioksini iliingia katika chakula cha kuku kwa njia ya mafuta machafu, mawaziri wawili wakaacha kazi. Tangu mwaka 2012 Umoja wa Ulaya umekataza vile vizimba vya zamani ambamo kuku hawezi hata kunyosha mabawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni likawaambia wafugaji waache kuwapa wanyama wazima antibiotiki kila siku, kwa maana vijidudu vinazoea dawa, na mtu akiugua haponi tena. Basi koti ambalo mwenyewe analitupa, sisi tutalilipia faranga?

Tena kuku wa namna ile anakula mahindi na soya. Katanga tunanunua unga wa mahindi Zambia, na malori yakichelewa pale Kasumbalesa, bei inapanda. Nani atakubali kupunguza bukari ya mtoto wake ili kuku wa tajiri anenepe?

Na mnyama mwenyewe, tunamtendea nini? Nendeni gare siku mbuzi wa Kasai wanapofika. Nimewaona kwa macho yangu: miguu imefungwa kamba, wamelala mmoja juu ya mwingine, siku nyingi bila maji, wengine wamekwisha kufa chini ya wenzao. Mtu akasema karibu nami: "Ni mbuzi tu." Nikakumbuka neno hilo. Baba zetu walipopakiwa katika mabehewa kupelekwa migodini, kulikuwa na mtu aliyesimama pembeni akisema: ni weusi tu. Mwenye kujizoeza kutosikia kilio cha mnyama, kesho hatasikia cha jirani. Na hata kwa faida ya tumbo, mbuzi aliyeteswa amepoteza kilo, nyama yake ina damu iliyovilia, na aliyekufa njiani wanakuuzia sokoni bila daktari kumwona.

Mwingine atasema: watu wana njaa, unatusumbua na huruma ya mbuzi. Ninajibu: njaa hii na mateso haya ni mtoto wa baba mmoja. Baba huyo ni biashara isiyoangalia kitu ila faida.

Tunadai nini basi?

Kwanza: majani ya juu yaliyolala bure ndani ya waya yarudishwe kwa wanakijiji, wafuge kwa koperative, na mchungaji awe na ngombe wake.

Pili: daktari wa mifugo na dawa ya kupe vifike kijijini, si katika shamba la mkubwa tu.

Tatu: mbuzi na ngombe wasafirishwe wamesimama, wanywe maji njiani, na wachinjwe fasi safi mbele ya mkaguzi.

Nne: mahindi ya watu yaliwe na watu. Mbuzi ale majani, kuku ale pumba na wadudu, samaki wa bwawa ale mabaki.

Hatuombi nyama kila siku. Wazee wetu hawakula nyama kila siku, wala hawakuombaomba mgongo wa kuku kwa mtu wa ng'ambo.

Tarehe 30 juni 1960 tulipata uhuru wa bendera. Uhuru wa chungu bado. Msomee jirani yako gazeti hili, na mkutano wa kartie ukiitwa, njoo useme.