Kisonono cha kooni: kwa nini kipimo cha mkojo hakitoshi

Wengi wetu huamini ngono ya mdomo bila kinga haina madhara kwa kuwa haileti mimba. Ni kweli hatari ya VVU kwa njia hiyo ni ndogo sana, lakini kisonono na kaswende huambukizwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 82 ya kisonono mwaka 2020.

Tatizo ni kwamba zahanati nyingi za vijijini hutibu magonjwa ya zinaa kwa kuangalia dalili, na kisonono cha kooni mara nyingi hakina dalili. Kipimo cha mkojo hakikionyeshi. Lazima sampuli ichukuliwe kooni kwa pamba. Asiyejijua huendelea kuambukiza. Anayejinunulia vidonge dukani bila kupimwa huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa, na dawa kadhaa za zamani tayari zimeshindwa.

Tufanyeje? Tumwambie mhudumu wa afya waziwazi kuwa ilikuwa kwa mdomo. Kisonono kipimwe baada ya wiki mbili hivi. Kaswende na VVU virudiwe baada ya miezi mitatu. Ukiona kidonda au usaha, usisubiri. Mwenza naye apimwe.