Damu ya Tumbo: Si Amibe Kila Mara
Hapa Nzilo na Kolwezi mtu akihara damu tunasema mara moja: amibe! Ananunua Flagyl, basi. Mara nyingine ni amibe kweli. Lakini ikirudi miezi na miezi, na laboratware haioni mududu? Matumboni muko mikrobe wengi wanaotusaidia kuvunja chakula. Askari wa mwili wanawachunga tu, ute ukiwa ukuta katikati. Kwa wengine ule ukuta unaharibika, askari wanapiga majirani hao bila kupumzika, na vidonda vinabaki kwa tumbo lenyewe. Hapo munganga anaweza kutoa kortizone ili kutuliza askari. Lakini mama, usiinunue sokoni! Kama amibe angali amejificha, askari wakilala yeye anakula matumbo mpaka yanatoboka. Choo kipimwe kwanza, hata mara tatu.