Ndege 16 za ATCL: Zilizonunuliwa na zinazoruka ni hesabu mbili

MKAZI wa Kipawa, Kiwalani au Yombo Vituka hahitaji kuambiwa kwamba Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) imefufuka. Anaisikia kila siku ikinguruma karibu na paa lake. Baadhi ya majirani zake wa zamani wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walitakiwa kuhama ili kupisha upanuzi wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na madai yao ya fidia yalichukua miaka mingi.

Kwa mkazi huyo, na kwa mfanyabiashara wa Tandika au Manzese anayelipa kodi bila kuwahi kupanda ndege, swali la msingi si kama ndege zipo. Zipo. Swali ni ngapi kati ya hizo huruka kwa siku moja, na kwa nini shirika lililoongezewa ndege linaendelea kuongeza hasara.

Hesabu ya manunuzi ni rahisi. Mwaka 2016 ATCL ilikuwa imebakiwa na ndege moja tu ya kwake, pangaboi aina ya Dash 8-Q300. Septemba mwaka huo Serikali ya Rais John Magufuli ilipokea Q400 mbili zenye viti 76 kila moja. Julai 2018 ikatua Boeing 787-8 Dreamliner ya kwanza, yenye viti 262, na Desemba ikafuata Airbus A220-300, ndege iliyoifanya ATCL kuwa shirika la kwanza Afrika kutumia aina hiyo. Chini ya Rais Samia Suluhu Hassan ziliongezwa nyingine, ikiwamo Boeing 767-300F ya mizigo, yenye uwezo wa kubeba tani 54, iliyowasili Juni 2023, na Boeing 737 MAX 9 mbili zilizowasili Oktoba 2023 na Machi 2024. Dreamliner ya tatu ilipotua Agosti 2024, jumla ikawa 16: Q400 tano, A220 nne, Dreamliner tatu, MAX mbili, moja ya mizigo, na ile Q300 ya zamani.

Karibu kila moja ilipokewa kwa sherehe, magari ya zimamoto yakiimwagia maji na viongozi wakiisubiri chini ya ngazi.

Hesabu ya pili haina sherehe. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinaonyesha kwamba hasara ya ATCL ilikuwa Sh35.24 bilioni katika mwaka wa fedha 2021/22, ikapanda hadi Sh56.64 bilioni mwaka 2022/23, kisha Sh91.8 bilioni mwaka 2023/24. Yaani katika kipindi kilekile ambacho ndege zilikuwa zikiongezeka, hasara nayo ilikuwa ikiongezeka.

Sababu moja inajulikana na haikutokana na uzembe wa mtu yeyote nchini. Injini za A220, zinazotengenezwa na Pratt & Whitney, zilibainika kuwa na kasoro zilizoyalazimu mashirika mbalimbali duniani kuegesha ndege zao. Novemba 2022 ATCL iliutangazia umma kwamba inasitisha matumizi ya baadhi ya A220 na kwamba ratiba ya safari itavurugika. CAG naye amelitaja tatizo la injini hizo miongoni mwa vyanzo vya hasara.

Lakini injini mbovu pekee haielezi kila kitu. Ndege 16 hizo ni za aina sita. Ukiacha Q300 na Q400, ambazo ni za ukoo mmoja, kila aina ina marubani wake waliofunzwa mahsusi kuirusha, wahandisi wake wenye vibali vya kuigusa na vipuri visivyoingia kwenye ndege nyingine. Rubani wa Airbus hawezi kuhamishiwa kwenye Boeing asubuhi kwa sababu ya Boeing ameugua. Lazima arudi darasani kwanza, na mafunzo hayo hulipiwa kwa fedha za kigeni.

Ni haki kusema kwamba kila aina ilikuwa na sababu yake. Pangaboi hutua katika viwanja vifupi vya mikoani ambako ndege kubwa haiwezi kutua. A220 inafaa kwa Mwanza, Kilimanjaro na nchi jirani, na Dreamliner kwa safari ndefu kama za Mumbai na Guangzhou, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo hufuata mzigo. Samaki wa Mwanza na maua ya Arusha wanahitaji ndege ya mizigo. Tatizo halipo katika wingi wa aina. Lipo katika uchache ndani ya kila aina.

Mfano ni huu. Kati ya mwaka 2019 na 2024 shirika lilikuwa na Dreamliner mbili. Moja ilipoingia katika matengenezo makubwa, nusu ya uwezo wote wa safari ndefu ulikwenda nayo. Ndege ya mizigo ipo moja tu, hivyo ikiegeshwa, huduma yote ya mizigo kwa ndege maalumu imesimama. A220 moja yenye viti 132 ikiharibika na nafasi yake ikachukuliwa na Q400, abiria 56 wanabaki uwanjani hata kama pangaboi hiyo imejaa pomoni. Na huenda pangaboi hiyo ilikuwa itumwe Kigoma, hivyo abiria wa Kigoma nao wanasubiri. Ndivyo hitilafu moja inavyogeuka kuwa ratiba iliyovurugika ya siku nzima, na abiria aliyetoka Mbagala alfajiri kwa bodaboda anarudishwa nyumbani na ujumbe wa simu.

Ndege iliyoegeshwa nayo haiachi kudai. Nyingi kati ya ndege mpya zilinunuliwa na Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali (TGFA), kisha zikakodishwa kwa ATCL. Bima, mishahara ya marubani na gharama za kodi haziangalii kama ndege imeruka au imelala.

Haya si mageni kwa nchi hii. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, liliwahi kurusha Comet na Super VC10 hadi Ulaya, na lilipovunjika mwaka 1977 sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa Nairobi. Machi 11 mwaka huohuo Tanzania ikaunda Shirika la Ndege la Tanzania (ATC). Kwa miaka mingi mhimili wa ATC ulikuwa Boeing 737-200 mbili na Fokker F27. Ndege zilikuwa chache, lakini rubani na fundi walizifahamu kama wanavyofahamu vyumba vya nyumba zao. (Ni Boeing 737 ya shirika hilo iliyotekwa Februari 1982 ikitoka Mwanza, ikaishia Stansted, Uingereza, watekaji wakimtaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu.)

Desemba 2002 asilimia 49 ya hisa ziliuzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini kwa dola milioni 20. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 2006, Serikali ikazinunua tena hisa hizo kwa dola milioni moja. Bei hiyo pekee inatosha kueleza miaka minne hiyo iliacha nini.

Kilichofuata kingepaswa kuwa somo la kudumu. Mwaka 2007 ATCL iliingia mkataba wa kukodi Airbus A320 kutoka kampuni ya Wallis Trading. Ndege hiyo ilitumika kwa miezi michache mwaka 2008, kisha ikapelekwa nje kwa matengenezo na haikurudi kuibebea ATCL abiria, huku deni likiendelea kupanda hadi kufikia makumi ya mamilioni ya dola. Desemba mwaka huo Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ikaisimamishia ATCL cheti cha uendeshaji. Machi 2010 Boeing 737 ilitoka nje ya njia Mwanza katika mvua kubwa na haikuruka tena. Aprili 2012 Dash 8 ikapata ajali Kigoma. Hakuna aliyepoteza maisha katika ajali hizo mbili, lakini kwa shirika lenye ndege za kuhesabika kwa vidole, kila ajali ilikuwa pigo zito.

Tofauti ya sasa ni kwamba ndege ni za Watanzania, si za kukodi kutoka nje. Hilo ni jambo la kujivunia, ingawa lina upande wa pili. Ndege inayomilikiwa na Serikali inaweza kukamatwa kwa deni la Serikali ambalo halihusiani kabisa na usafiri wa anga. Q400 ilizuiwa Canada mwaka 2017 kwa madai ya kampuni ya ujenzi wa barabara. Agosti 2019 A220 ilishikiliwa Johannesburg kwa madai ya mkulima aliyetaifishiwa mali, ikaachiwa Septemba. Desemba 2022 nyingine ikazuiwa Uholanzi kutokana na mgogoro wa mradi wa sukari wa Bagamoyo, ambao kampuni ya Sweden ilikuwa imeshinda tuzo ya dola milioni 165. Abiria wa Dodoma hajui lolote kuhusu sukari ya Bagamoyo, lakini ni yeye aliyekosa kiti.

Majirani hawana nafuu kubwa. Uganda ilifufua shirika lake Agosti 2019 kwa aina mbili tu, CRJ900 nne na Airbus A330-800 mbili, na bado imepata hasara mwaka baada ya mwaka. Kenya Airways ilirejea kwenye faida mwaka 2024 baada ya zaidi ya muongo mmoja, kisha nusu ya kwanza ya mwaka 2025 ikatumbukia tena kwenye hasara, sababu kubwa ikiwa Dreamliner zake tatu zilizoegeshwa. Ikiwa shirika lenye Dreamliner tisa linayumba kwa kuegesha tatu, lenye tatu litafanyaje?

Kisha kuna Ulaya. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia katika anga yake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukayajumuisha mashirika yote ya Tanzania. Wapo waliosema hatua hiyo haina madhara kwa kuwa ATCL haikuwa na safari za Ulaya. Hoja hiyo ni dhaifu. Dreamliner zilinunuliwa kwa ajili ya masafa hayo hasa, na watalii wengi wa Serengeti na Zanzibar hutoka huko. Wakala wa utalii wa Ujerumani anayemuuzia mteja safari ya Arusha hadi Unguja anaiangalia orodha hiyo pia, na kampuni ya bima inamwangalia wakala.

Kutoka katika orodha hiyo hakuhitaji ndege ya 17. Kunahitaji wakaguzi wa kutosha TCAA, kumbukumbu za matengenezo zisizo na mapengo, mafundi waliofunzwa na injini za akiba. Ni vitu ambavyo havimwagiwi maji na zimamoto vinapowasili, na ambavyo bajeti yake haijawahi kumpeleka waziri uwanjani.