Lorraine Hansberry na Adui Mwenye Adabu

Kila ninapofundisha tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, huwauliza wanafunzi wangu adui ni nani. Wengi humtaja tapeli aliyetoroka na fedha za familia. Wachache humtaja Karl Lindner, na nadhani sababu ni moja: Lindner ana adabu.

Familia ya Younger, Weusi wa Chicago, imelipia malipo ya awali ya nyumba katika mtaa wa Weupe kwa fedha za bima ya marehemu baba. Lindner anabisha hodi, kofia mkononi. Hamtukani mtu. Anajitambulisha kuwa mjumbe wa chama cha wakazi, anasifu mazungumzo, anasikitikia vurugu za mitaa mingine, kisha anatoa pendekezo: chama kitainunua nyumba hiyo kwa bei inayozidi waliyokubali kulipa, mradi wasihamie. Suala la rangi, anasema, halimo kabisa.

Hansberry hakulibuni jambo hili kutoka hewani. Mwaka 1937 baba yake, Carl, alinunua nyumba katika mtaa wa Chicago ambao wenye nyumba walikuwa wamewekeana mkataba wa kutowauzia Weusi. Umati ulikusanyika nje. Tofali likapenya dirishani na kumkosakosa Lorraine, mtoto wa miaka saba au minane. Baba alipokuwa Washington akipigania kesi, mama alikesha akilinda watoto kwa bastola. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa Carl ushindi, lakini kwa hoja ya utaratibu tu. Mikataba yenyewe iliendelea kutambuliwa na mahakama hadi 1948. Carl hakuiona siku hiyo. Alifariki Mexico mwaka 1946, akiwa anajiandaa kuihamishia familia yake huko.

Kwa hiyo hunishangaza kwamba tamthilia hii ilipofika Broadway mwaka 1959, ikiwa ya kwanza ya mwanamke Mweusi kuonyeshwa huko, wengi waliisifu kwa mwisho wake wa furaha. Furaha ipi? Familia inabeba mizigo kuelekea mtaa ambao mwandishi aliujua kwa tofali lake. Lindner hahitaji kulirusha. Yeye ni dalali wa tofali lililo mkononi mwa wengine, na bei anayoitaja ina thamani kwa sababu tofali hilo lipo. Wale kati yenu mnaoandaa barua za serikali na kuongoza vikao vya "maridhiano" msomeni Lindner kwa makini kuliko mnavyomsoma shujaa Walter.

Mwandishi mwenyewe hakuwa mpole mbele ya upole wa namna hiyo. Mei 1963, yeye, James Baldwin na wenzao walikutana New York na Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alipoona kwamba kiongozi huyo haelewi anachoambiwa, Hansberry aliinuka akatoka, na kikao kikavunjika. Alikuwa na miaka 33. Saratani ilimchukua Januari 1965.

Katika onyesho la mwisho Walter anakataa fedha. Lindner hafoki. Anakusanya karatasi zake, anatikisa kichwa, na mlangoni anatumaini kwamba wanajua wanachokiendea.