Ripoti ya Mazingira Ifike Barazani kwa Kiswahili

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Nairobi.

Mheshimiwa,

Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la kusikiza kesi za mazingira lilifuta leseni mliyokuwa mmeitoa mwaka 2016 kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu, pale Kwasasi. Wengi wanayakumbuka maandamano ya kuupinga mtambo huo. Mimi naomba ofisi yako ikumbuke sababu: jopo liliona wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Kila mara twasikia kwamba mwananchi wa kawaida haelewi mambo ya tabianchi. Kwa Lamu nakataa. Mpiga mbizi wa kambakoche wa makamo anaukumbuka mwaka 1998, bahari ilipopata joto la kupindukia na matumbawe yakapauka pwani nzima. Mwambie kwamba mtambo wa megawati 1,050 utavuta maji ya bahari ya kujipoza, kisha uyarudishe yakiwa na joto. Papo hapo atakuuliza: yatamwagwa wapi, joto kiasi gani, na maji yakijaa yatasukumwa upande gani wa mikoko? Ndiyo maswali ambayo mhandisi angeuliza. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumsomea kurasa mamia kwa mamia za ripoti ya mazingira kwa Kiingereza, na hapo ndipo tunapoambiwa kwamba "wananchi wamehamasishwa".

Katiba, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Basi naomba hivi: kabla ya leseni ya mradi wowote mkubwa Pwani, muhtasari kamili wa ripoti yake ya mazingira uandikwe kwa Kiswahili, madhara yakiwemo, usomwe redioni na barazani. Mikutano isiitwe asubuhi wavuvi wakiwa baharini. Iitwe baada ya alasiri, na akina mama wanaouza samaki wapewe nafasi ya kusema, si ya kupika chai ya wageni. Kila swali liandikwe, lijibiwe kwa maandishi, na majibu yabandikwe kwa chifu.

Leseni itakayotolewa bila majibu hayo tutaipinga tena, kwa sheria ile ile.

Wako,
Mkazi wa Lamu